Bibi harusi wa miaka 64

Shangazi anajibu barua zenu

Mwezi huu barua za wachumba na za mawifi zitasubiri. Bahasha nilizozifungua safari hii nyingi zimetoka kwa watu wazima, waliozika wenzao, wakalea wakamaliza, na sasa wamepata mtu. Wengi wameandika kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama dhambi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana maswali yake yamo pia katika barua kumi nyingine ambazo sikuweza kuzichapa.

Shangazi, asalaam aleikum.

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 64, naishi Ngamiani hapa Tanga. Mume wangu alifariki mwaka 2013. Tulijaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, na wote wana familia zao. Nyumba ninayoishi ni ya marehemu, aliijenga kabla hatujaoana. Mirathi hatujawahi kuigawa.*

*Mwaka juzi kwenye kliniki ya presha nilikaa benchi moja na mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, naye kafiwa na mkewe. Tulianza kwa kuulizana dawa: wewe wamekupa ipi, mimi wamenipa hii. Baadaye akawa ananishikia nafasi kwenye foleni. Siku hizi anapita asubuhi, anakaa barazani, ananisomea gazeti kwa sababu jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho. Namtilia chai, tunakula mbaazi na maandazi. Akimaliza kusoma ananyamaza, nami nanyamaza, na hakuna anayeona vibaya. Marehemu alikuwa mtu mwema, lakini mimi naye hatukuwahi kukaa hivi. Tulikuwa tunalea, tunatafuta ada, tunauguza wazazi.*

*Ametaka kunioa, na mimi nimeridhia. Nilipomweleza mwanangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam alikata simu. Kesho yake akapiga, akasema nawatia aibu, bibi wa wajukuu saba haitwi bibi harusi, na kwamba yeye ndiye wa kuniozesha na hatoi idhini. Dada zake kimya. Mwishowe akalegeza: kama ni lazima, ndoa ifungwe usiku, watu watatu wanne, pasipikwe, pasipigwe hata kigoma, na mzee asihamie kwenye nyumba ya baba yao. Mpaka leo majirani nawaambia ni binamu yangu. Uongo huo unanikera.*

*Nifunge kimya kimya ili tuwe na amani, au nifanye shughuli?*

*Mwalimu, Ngamiani*

Dada yangu Mwalimu, waaleikum salaam. Hongera. Naanza na neno hilo kwa sababu katika barua yako yote sijaona mtu hata mmoja aliyekupa. Umempata mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni na anayejua kukaa kimya na wewe. Hongera sana.

Fanya shughuli. Mchana kweupe, sufuria ziwe jikoni, watu wamealikwa.

Tuanze na hilo la idhini, maana limekutia unyonge usio wako. Mwanao anasema yeye ndiye wa kukuozesha. Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mtoto wa kiume hawi walii wa mama yake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, kwa sababu tu ni mwanawe. Walii ni baba. Kama hayupo, ni babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa kwa baba, kisha watoto wa kiume wa kaka, kisha ami. Ukiwa na kaka, hata awe mdogo kwako, maadamu ni mtu mzima, huyo ndiye wa kumwendea. Kama huna ndugu wa kiume upande wa baba, sheikh wako atakuonyesha njia. Na wewe si mwari. Ukimya wa mwari huchukuliwa kuwa ndiyo, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa anatakiwa atamke mwenyewe kwa ulimi wake kwamba amekubali. Jambo hili limewekwa mdomoni mwako.

Sheria ya nchi nayo iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa atakapo, kubaki bila mume, au kuolewa tena na mwanamume anayemtaka, hata kama mila ya mahali inasema vingine.

Aibu iko wapi? Bibi Khadija alikuwa amekwisha kufiwa alipomtuma mwanamke mwenzake, Nafisa, akazungumze na Mtume juu ya ndoa. Kwa mapokezi yanayojulikana zaidi yeye alikuwa na miaka 40 na Mtume 25. Khadija alipofariki, Mtume alimwoa Sauda binti Zam'a, naye mjane na mtu mzima. Mwanao haya anayajua, madrasa alisoma. Mimi nadhani aibu siyo inayomnyima usingizi.

Soma tena masharti yake. La mwisho ni nyumba. Nimesoma barua za namna hii kwa muda mrefu na nimeona kwamba mara nyingi sharti la mwisho ndilo la kwanza moyoni. Simlaumu. Ni nyumba ya baba yake, ameona kuta zake tangu yuko mgongoni, na hakuna aliyewahi kuketi naye akamwambia kipi ni chake. Hofu isiyo na hesabu hukua. Basi tuipigie hesabu.

Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 40, kwa mfano tu, na tuseme wazazi wa marehemu walitangulia kabla yake. Kwa mirathi ya Kiislamu wewe mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lako ni thumni, yaani moja ya nane: milioni 5. Zinabaki milioni 35 za watoto, wa kiume akipata mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Mwanao ana milioni 17 na nusu, dada zake wana milioni 8 na laki saba na nusu kila mmoja. Fedha hizo hakuna ndoa yako inayoweza kuzigusa, uolewe na fundi wa reli au na mfalme. Sasa wewe ukiolewa na ukatangulia kabla ya mzee, yeye kama mume atapata robo ya ulichoacha wewe, kwa sababu una watoto. Robo ya milioni 5 ni milioni moja na laki mbili na nusu. Yaani katika nyumba ile nzima, anachoweza kukipata mzee ni sehemu moja kati ya 32. Akitangulia yeye, na kama ana watoto, wewe utapata thumni ya mali yake.

Mwandikie mwanao hesabu hiyo kwenye karatasi. Usimpigie simu, karatasi haikatwi.

Kisha mirathi igawanywe kabla ya ndoa. Itisheni kikao cha familia, muandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo, mwende Mahakama ya Mwanzo mkaombe msimamizi wa mirathi. Msimamizi anaweza kuwa mmoja wa binti zako, si lazima awe wa kiume. Kama mlikuwa mkiongeza vyumba au kupaua kwa mshahara wako wa ualimu, lisemwe hapo hapo, na risiti kama zipo zitolewe, maana ulichokitia kwa jasho lako ni mali yako, si mirathi.

Katika jambo moja nampa mwanao haki. Mzee asihamie pale kabla ya hayo kumalizika. Nyumba bado si yako peke yako, na mume anayeingia nyumba ya marehemu kabla watoto hawajapewa chao anaanza ndoa akiwa mgeni anayepimwa kila anapofungua mlango. Nenda kwake, au pangeni vyumba viwili Makorora au Chuda. Barazani pa kusomea gazeti hapakosekani Tanga.

Sasa nikueleze kwa nini nang'ang'ania mchana na watu. Nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu, na miaka mingi ya kazi yangu niliifanya wodi ya wanawake na baadaye ya wanaume. Mzee akilazwa, swali la kwanza la muuguzi ni: wewe ni nani wake? Nimemwona mama mmoja amesimama kwenye mlango wa wodi na chupa ya uji mkononi, watoto wa mgonjwa wameingia, yeye hakuna aliyemtaja. Waliishi pamoja, alikuwa akimpa dawa usiku, anajua upande gani anaolalia. Lakini ndoa yao ilifungwa kwa siri ili kuwaridhisha watoto, na siku ile siri ikamweka nje ya mlango. Mzee alipofariki, msibani aliketi mkekani na wapishi. Sikuweza kufanya lolote zaidi ya kumwingiza wodini nje ya saa za kutazama wagonjwa, na mpaka leo namkumbuka.

Mwalimu, katika umri wetu ndoa ni hiyo. Ni kujulikana wewe ni nani wa nani siku presha inapopanda saa nane za usiku. Jirani aliyekula pilau ya harusi yako ndiye atakayekuja kubisha mlango asipokusikia asubuhi. Muuguzi wa kliniki akijua huyu ni mumeo atakupa wewe maelekezo ya dawa. Mmoja akitangulia, mwenzake atapewa mkono wa pole, na akitangulia yeye, wewe utakaa eda yako bila kuulizwa maswali. Ndoa ya usiku, ya watu wanne, inawanyima yote hayo, na inawanyima furaha pia. Kwa nini mwenye kupata neema ale gizani?

Mimi mwenyewe niliolewa mara ya pili nikiwa tayari na wajukuu, kwetu Pangani. Kaka yangu alivuka na pantoni kutoka Bweni, kanzu imekunjwa kwenye mfuko isichafuke, akaja kuniozesha. Nikahi ilifungwa baada ya alasiri. Wajukuu walizungusha halua na kahawa, na mdogo wao alipita mara mbili kwa kila mgeni kwa sababu alipenda kuambiwa ahsante. Nilipakwa hina mikononi tu, sikutaka miguuni. Mahari yangu niliitaja mwenyewe: cherehani. Ipo hadi leo na inafanya kazi, vazi nililovaa Idi iliyopita nimelishona kwayo. Kulikuwa na mama mmoja mtaani aliyekuwa akinisema sana kabla ya siku hiyo. Nilimwalika. Alikuja na sinia la vitumbua na akakaa mpaka magharibi, akicheza.

Basi wewe pia taja mahari yako, ni haki yako hata ukiwa na miaka 90. Tafuta gauni la rangi unayoipenda. Mwenye kukuambia rangi fulani ni ya wasichana, mwambie umeshalilipia. Wanao wa kike walionyamaza wapigie mmoja mmoja, si wote kwa pamoja, uwaombe kazi: huyu ashike mapishi, yule ashike sare za kanga. Kimya cha mabinti mara nyingi ni kumwogopa kaka, si kukukataa wewe. Mzee naye aende kwa watoto wake awaambie hayo hayo, ili mzigo usiwe wako peke yako. Toeni taarifa ya ndoa siku 21 kabla, sheria inataka hivyo, na cheti kipatikane siku ile ile.

Majirani waambie mwenyewe. Anza na nyumba tatu za karibu: "Yule mzee si binamu yangu, ni mchumba wangu, na harusi ni siku fulani, karibuni." Utaona wangapi watakuambia walikwisha kujua.

Jambo moja la kiuguzi. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mdogo: lenzi iliyofifia hutolewa na ya bandia huwekwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nenda ukaonane na daktari wa macho kabla ya harusi, umwone bwana wako kwa macho mawili. Gazeti aendelee kukusomea.

Shangazi, habari za kazi.

*Nina miaka 71, Morogoro. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nimempata mama wa miaka 62, mjane, tunaimba kwaya moja parokiani, yeye sauti ya pili na mimi besi. Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa Jumapili iliyopita. Nina kisukari na presha, na naogopa sitaweza mambo ya mume. Rafiki amenipa vidonge vya kuongeza nguvu alivyonunua stendi. Mama huyu sijamwambia kitu. Nivimeze?*

*Mwanakwaya*

Shikamoo kaka. Usivimeze. Virudishe au uvitupe chooni leo.

Swali lako ni la watu wengi na halina aibu. Kisukari na presha huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu. Kwa hiyo usiache dawa kwa kudhani unajisaidia. Nenda kliniki ukamwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia. Anaweza kubadilisha dawa, anaweza kukuandikia nyingine, na anajua kiasi kinachokufaa. Vidonge vya nguvu vya stendi hujui ndani mna nini. Na hata vile halali vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitrati, zile wanazopewa wenye maumivu ya kifua kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka ghafla mpaka mtu akafa. Uuguzini tulifundishwa kumuuliza mgonjwa swali hilo kabla ya lolote.

Mwambie mama. Mwambie kabla ya tangazo la tatu. Yeye naye ana lake: hedhi ikishakoma mwili wa mwanamke hukauka, na wengi huumia na kunyamaza wakidhani ndivyo ilivyo. Famasi zinauza jeli ya maji kwa ajili hiyo, nunueni bila kuona haya. Nendeni pamoja mkapime VVU pia. Kufiwa hakumkingi mtu, na ninyi nyote wawili mna maisha marefu nyuma yenu.

Kuna kitu ambacho wanaume hawaniandikii lakini wanawake wananiandikia sana. Mama wa miaka 62 aliyelala peke yake kwa miaka anatamani kukandwa mgongo, kushikwa mkono, kuamka usiku akasikia mtu anapumua pembeni. Hayo unayaweza leo, kisukari au hakuna kisukari. Yaanze hayo, mengine yatafuata kwa wakati wake na kwa msaada wa daktari.

Padri akitaka cheti cha ubatizo na cheti cha kifo cha marehemu mkeo, viwe tayari mapema. Paulo mwenyewe, Wakorintho wa kwanza sura ya saba, anasema mume akifa mke yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana. Na muombe mwalimu wa kwaya siku hiyo asiwaondoe kwenye mstari: muimbe wimbo mmoja na wenzenu mkiwa mmevaa nguo za harusi.

Shikamoo Shangazi.

*Nina miaka 35, naishi Dar. Mama yangu alifariki, na baba, ambaye ana miaka 68, anataka kumwoa rafiki wa mama. Walikuwa kikundi kimoja cha vikoba, alikuwa anakuja kwetu kila Jumamosi. Simchukii. Lakini nikimwona amekaa kwenye kiti cha mama moyo unauma. Picha ya mama iko sebuleni, nyeusi na nyeupe, amevaa kitambaa. Naogopa itatolewa. Niende harusini? Nitamwitaje?*

*Binti wa baba*

Marahaba mwanangu. Pole, na pole hii haina tarehe ya kuisha.

Nenda harusini. Uende hata kama utalia. Kaa pale baba yako atakapoweza kukuona, kwa sababu siku ile naye atakuwa na mama yako moyoni, na wewe ndiye mtu pekee mle ukumbini anayefanana naye.

Nikupe mfano unaoujua. Graça Machel alifiwa na mumewe Samora, rais wa Msumbiji, ndege ilipoanguka Mbuzini mwezi Oktoba 1986. Miaka karibu kumi na miwili baadaye, tarehe 18 Julai 1998, aliolewa na Nelson Mandela, siku Mandela alipotimiza miaka 80. Bibi harusi alikuwa na miaka 52. Dunia nzima ilishangilia, na yeye akaendelea kuitwa Machel. Jina la mume wake wa kwanza lilibaki pale pale, na Mandela akaishi na jina hilo nyumbani mwake mpaka alipofariki mwaka 2013. Hakuna aliyepungukiwa.

Picha ibaki. Mwambie baba yako waziwazi, kabla ya harusi, kwamba unaomba isiguswe. Nadhani utakuta yeye hakuwahi kufikiria kuitoa. Mwanamke yule alimpenda mama yako pia, Jumamosi zote zile. Pengine ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye anaweza kumsimulia baba yako habari za mama yako na baba akacheka. Mtu wa nje angemlazimisha anyamaze. Hili lina thamani kubwa kwako wewe kuliko unavyoona sasa: siku wanao watakapouliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani, kuna mtu ndani ya nyumba wa kuwajibu.

Kiti, mwombe baba anunue kingine. Ni jambo dogo na lina haki. Cha mama kipelekwe chumbani au uchukue wewe.

Jina: usijilazimishe kumwita mama. Tangu zamani ulikuwa ukimwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, sivyo? Endelea hivyo hivyo. Siku ukijisikia, mwite mama mdogo. Hatakudai.

Shangazi, naomba jibu fupi.

*Mimi nina miaka 59, mwenzangu 66, tuko Mbeya. Tunaishi pamoja tangu 2016, tunalima viazi pamoja, kila mtu anatujua kama mke na mume. Hatujafunga ndoa yoyote kwa sababu tuliona tumeshazeeka. Watoto wake wameanza kusema mimi si mke. Ni kweli?*

*Mama Viazi*

Si kweli kabisa, lakini usilalie hapo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuonekana na watu kuwa mke na mume, itadhaniwa kwamba wameoana. Neno lenyewe ni dhana. Anayetaka kuipinga anaweza kwenda mahakamani na ushahidi wake, na wanaopinga huwa wanasubiri mmoja wenu awe kaburini, asiweze kujibu. Wakati huo utakuwa unatafuta majirani wa kukutolea ushahidi huku viazi viko shambani.

Mzee yuko hai, ana akili zake, na anakupenda. Kama dini zenu zinatofautiana au hamtaki mambo makubwa, nendeni bomani, ofisi ya mkuu wa wilaya, mkaseme mnataka kufunga ndoa ya kiserikali. Taarifa ni siku 21. Mchukue vitambulisho, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, cheti cha kifo au cha talaka. Siku ya kufunga mwende na mashahidi wawili, mmoja awe mtoto wake, yule mpole kuliko wote, na mumwambie mapema ili ajiandae.

Shamba je, liko kwa jina la nani? Mkiwa huko huko mjini, ulizeni namna ya kuliandika kwa majina yenu mawili.

Mkishafunga nitumieni picha, mkiwa mmesimama shambani au bomani, vyovyote mpendavyo. Nitaitoa hapa mwezi utakaofuata.